Sindano ya Mzee Mbaruku

Ti, ti, ti. Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe cha bati mara tatu, taratibu, kikanyamaza. Kulikuwa hakujapambazuka. Bi Sikudhani alikishika kikombe palepale alipokigonga, akangoja. Mkono wa mumewe, Mzee Mbaruku, ulitoka gizani ukiifuata ile sauti, ukapapasa hewa kidogo, ukaukuta uji. Mume huyu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na hakupenda kuambiwa kikombe kiko wapi, kwa hiyo mkewe hakumwambia. Aligonga tu, kama mtu anayekoroga sukari. Sukari yenyewe haikuwamo.

Macho ya mzee yalikuwa yakipoteza mwanga kuanzia pembeni, kama chumba kinachofungwa madirisha moja moja. Sista Aurea, muuguzi wa zahanati, alimtazama kwa tochi yake ndogo, akawaeleza bila kuficha. Ugonjwa huu ukishakula mwanga haurudishi. Apasuliwe kabla ya mvua za vuli, naye atabaki na mwanga alio nao. Mvua zikimkuta hajapasuliwa, hakuna kisu cha kumrudishia kitu. Kisha akampa chupa ndogo ya dawa ya matone, na kwa kuwa mzee alikuwa na haya, alijifanya ameiokota tu kabatini.

Huo ulikuwa mwezi wa sita. Muda ulikuwepo. Na kwa bahati njema, wazee hawa walikuwa wakiishi katika nchi yenye huruma kuliko nchi zote.

*

Jina la nchi hiyo halitajwi hapa, si kwa woga, bali kwa sababu lilikuwa limekodishwa. Mwaka ule lilikuwa mikononi mwa mfadhili wa vyandarua, na mwaka uliofuata lilikuwa limeahidiwa kwa mfadhili wa vyoo. Serikali ilikuwa imefunga wizara zake zote na kuwaachia kazi watu wa mashirika yasiyotaka faida. Yenyewe ilibaki na majukumu mawili, kukata utepe na kutoa pole.

Kulikuwa na shirika la visima, shirika la ndoo, shirika la wanawake wanaotembea kwenda kisimani, na shirika la kuyakutanisha mashirika hayo matatu, ambalo ndilo lililokuwa na gari. Kijijini Mabangoni, walikokaa Bi Sikudhani na mumewe, mabango ya miradi yalizidi nyumba. Watu waliyaanikia nguo. Mbuzi walipenda kulala chini ya bango la Mradi wa Maji Safi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pakavu kama hapo kijiji kizima.

Zamani katika nchi hiyo mtu alisaidiwa kwanza, ndipo akashukuru. Utaratibu huo ulileta aibu kubwa. Mwaka mmoja mfadhili wa ng'ambo alifunga faili lake mwezi wa kumi na mbili, shukrani za wakulima zikamfikia mwezi wa pili, akawa amehuzunika sikukuu nzima. Bunge likaitwa kwa dharura, likapitisha Sheria ya Shukrani Tangulizi. Mnufaika ashukuru kwanza, kwa picha na kwa maneno, na msaada ufuate kadiri hali itakavyoruhusu.

Sheria hiyo ilipendwa sana. Kwa mwaka mmoja shukrani ziliongezeka mara tisa. Mashirika mengi yaliona kwamba sehemu ngumu ya kazi imekwisha kufanyika, na hayakutaka kuwasumbua watu kwa sehemu iliyobaki.

Bi Sikudhani mwenyewe alikuwa ameshukuru mara tatu. Alishukuru mbuzi wa maziwa, akashukuru godoro, akashukuru choo. Picha ya choo ilitoka vizuri mno, ikimwonyesha akitoka mlangoni anatabasamu, na jirani yake mwenye choo hicho amesimama pembeni, anangoja zamu yake.

*

Hospitali ya macho ilikuwa ya shirika liitwalo Nuru Isiyozimika. Sista Aurea aliandika barua, na wiki mbili baadaye msafara ukaingia Mabangoni. Mbele alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Mama Perpetua Lyandala, amevaa kitenge chenye picha yake mwenyewe. Nyuma walifuata mpiga picha, kwaya ya watu saba, afisa wa machozi ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha yanatoka, na dereva aliyeitwa Chogo.

Chogo hakuwa na la kufanya kwenye sherehe. Aliona madumu mawili matupu mlangoni, akayachukua, akatokomea, akarudi nayo yamejaa. Aliyaweka pale alipoyakuta akaenda kukaa garini. Bi Sikudhani aliliona jambo hilo. Watu wengi walikuwa wakisema maneno matamu uani pale, lakini yeye macho yake yalikuwa kwenye yale madumu.

Mama Perpetua alihutubia. Alisema maskini ndio utajiri pekee ambao nchi hii imeweza kuuzalisha kwa uhakika, na kwamba yeye kila usiku hulala akiwafikiria, hata akiwa safarini, hata hotelini. Kisha akaagiza picha ya baada.

"Baada ya nini, mama?" Bi Sikudhani akauliza.

"Baada ya kupona, bibi. Ya kabla tutaitafuta."

Mpiga picha alimpa mzee sindano, akamwomba aishike karibu na uso na acheke. Shirika lilikuwa limesoma kwamba alikuwa fundi. Mzee Mbaruku aliigeuzageuza sindano kwa vidole.

"Niishike tu?"

"Ishike tu, mzee."

"Na uzi uko wapi?"

Hapakuwa na uzi. Mzee alitikisa kichwa kama fundi anayesikitikia kazi ya mwanafunzi, akauchomoa uzi mmoja kwenye pindo la kanzu yake. Alililowesha tundu la sindano kwa ulimi, akausokota uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, akauweka pale palipo na unyevu. Ukapita. Hakuwa ametazama hata kidogo. Fundi wa zamani hatungi uzi kwa macho, kama vile hutafuni kwa macho. Lakini nani katika msafara ule aliwahi kushona?

Uani kukawa na makofi. Na Bi Sikudhani, ambaye tangu mwaka jana hakuwa amemwona mumewe akijivuna, akasahau walichokuja kutafuta wageni wale. Akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu na cha furaha kweli, na kilirekodiwa chote.

Mama Perpetua aliahidi kwamba gari litakuja kumchukua mzee Jumatatu.

*

Jumatatu zilikuja saba. Gari halikuja. Picha ndiyo iliyotembea. Ilibandikwa kwenye mabasi na vituo vya polisi, ikachapwa kwenye fulana, ikawekwa kwenye stempu za posta. Chini yake iliandikwa: JANA HAKUONA MKONO WAKE, LEO ANATUNGA UZI. Watoto wa Mabangoni wakaanza kumwita Mzee Sindano, naye akawa anawatambua kwa sauti tu.

Mwezi wa nane Bi Sikudhani alimfunga mumewe kilemba kipya, wakaenda hospitali wenyewe. Karani wa mapokezi alikuwa mtu mpole. Aliwapa viti, akawaletea maji ya kunywa kwenye gilasi safi, na Bi Sikudhani akamshukuru kwa hilo. Kisha akafungua kompyuta yake, akatabasamu.

"Huyu ndiye Mzee Sindano? Hongera, mzee. Umepona tangu mwezi wa sita."

"Hajapasuliwa, mwanangu," Bi Sikudhani akasema. "Tulishukuru tu, kama sheria inavyotaka."

"Ndiyo, bibi. Lakini wengine wakishukuru, tunapata maneno matupu. Ninyi mmeleta ushahidi." Akabonyeza kitu, na kigelegele kikajaa chumba kizima. Wagonjwa kwenye benchi wakageuka. "Hii si sauti yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

Karani alieleza kwa upole kwamba kumpasua mtu aliyepona ni kumdhuru, na shirika lilikuwa na sera kali sana dhidi ya kudhuru watu. Alimwita daktari ili wazee waridhike. Daktari alimtazama mzee macho yote mawili kwa muda mrefu, akasema hali ni mbaya, angetakiwa kupasuliwa wiki hiyohiyo. Karani akamwonyesha picha. Daktari akaitazama, akavua miwani, akaomba radhi kwa kukosea, na mchana ule akaenda kuomba likizo.

Walielekezwa mtaa wa pili, kwenye shirika la wasioona, Fimbo na Heshima. Huko walipokewa kwa chai. Afisa alipitisha kiganja mbele ya uso wa mzee, na mzee, ambaye bado alikuwa na upenyo mdogo katikati, akapepesa.

"Mzee, wewe bado uko njiani," afisa akasema kwa huzuni. "Sisi tunahudumia waliokwisha fika. Ukifika, tuarifu."

Mzee Mbaruku aliuliza kama anaweza kupewa fimbo ya kufikia. Akaambiwa fimbo ni za waliofika.

*

Katika miezi hiyo mtu mmoja tu aliendelea kuja Mabangoni. Kila Ijumaa, Chogo dereva alipopita kwenda kuwachukua wageni uwanja wa ndege, alisimamisha gari la shirika mita mia kutoka nyumbani kwa wazee. Alikuja na kopo lake la chakula cha mchana, na chini ya wali mlikuwa na chupa ya dawa ya matone, ya aina ileile aliyoitoa Sista Aurea, ambayo Chogo aliinunua kwa pesa zake. Wali pia aliuacha. Alisema mkewe hapiki vizuri. Bi Sikudhani aliuonja, na ulikuwa wali wa nazi uliopikwa na mtu anayejua kupika. Hakusema kitu, kwa kuwa mtu anayekudanganya ili ule, humwumbui.

Matone yalishikilia ule upenyo. Mwezi wa tisa mzee aliweza bado kuuona uso wa mkewe akiusogeza karibu, mdomo na pua, bila masikio. Alimwambia amependeza siku hizi. Mkewe akamjibu kwamba ni kwa sababu sehemu mbaya zimefungiwa nje. Walicheka mpaka mzee akakohoa.

Ndipo dumu la maji likamponza Chogo. Mpiga picha, katika kuzipitia picha zake, aliona kwamba kwenye picha ya kwanza madumu ni matupu na kwenye ya mwisho yamejaa. Shirika lilifanya uchunguzi. Ikabainika kwamba kijijini Mabangoni kuna msaada uliotolewa bila mradi, bila bango, na jambo baya kuliko yote, bila kushukuriwa kwanza. Katika kumpekua wakaikuta na chupa ya matone chini ya wali.

Chogo alifukuzwa mbele ya wafanyakazi wote ukumbini. Mama Perpetua alisema hana chuki naye. Alisema, "Fikirini, ndugu zangu, kila mtu akianza kumsaidia jirani yake holela namna hii, sisi tutamsaidia nani?" Watu waliguswa. Afisa wa machozi hakuhitajika.

Chogo alirudisha funguo, akauliza kama anaweza kurudishiwa kopo lake. Lilikuwa limehifadhiwa kama kielelezo.

*

Mwezi wa kumi ulikuwa na Wiki ya Shukrani, ambapo mashirika yote ya nchi hukutana mji mkuu kuonyeshana watu waliowaponya. Mzee Mbaruku aliitwa kuwa mgeni wa heshima, na gari lililoshindwa kuja kwa Jumatatu saba lilikuja siku mbili kabla. Bi Sikudhani hakukataa. Hospitali ilikuwa jirani na ukumbi, na mvua zilikuwa hazijaanza. Usiku kucha alikuwa amejifunza sentensi moja, asije akababaika mbele ya wakubwa.

Ukumbini mambo yalikuwa mazuri. Kiwete aliyetembezwa na shirika lake aliletwa amebebwa na vijana wanne, ili asichoke kabla ya kutembea. Kisima kilichochimbwa jangwani kilijengwa kwa mbao jukwaani, nacho kilitoa maji kila mfadhili alipopita, kwa kuwa ndani yake alikaa mzee mmoja na ndoo. Watoto waliookolewa na njaa waliketi mstari wa mbele, wamekatazwa kula mpaka picha ziishe.

Zamu ya Mzee Sindano ilipofika, taa zote zilielekezwa kwake. Hakukunja uso, wala hakupepesa. Kwa wiki tatu hakuwa na matone. Mkewe alipoliona hilo, alielewa ni kwa nini mtu amulikwe namna ile asipepese. Mzee alilowesha tundu, akasokota uzi, akautunga. Ukumbi ukasimama. Mfadhili mmoja aliyetoka mbali alilia kwa sauti.

Bi Sikudhani alipewa kipaza sauti aseme neno la mke. Alikishika kwa mikono miwili.

"Mume wangu haoni," alisema. "Hakupasuliwa. Mkimpeleka sasa hivi, huenda kumebaki kidogo."

Halafu Mama Perpetua alisogea, akamkumbatia yule bibi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakichukua kipaza sauti.

Alisema kwamba wote wamejionea kwa macho yao. Hapa mbele yao amesimama mtu aliyepona, na hapa amesimama mkewe ambaye hawezi kulikubali hilo. Huu ndio ugonjwa uliokuwa ukiitafuna nchi kimyakimya, na hakuna shirika hata moja lililowahi kuushughulikia. Palepale alitangaza mradi mpya, Waliopona Wasiojijua, wa miaka mitano. Yule mfadhili aliyekuwa akilia alinyoosha mkono wa kwanza. Makofi yalikuwa makubwa mno hata kwa muda hakuna aliyetambua kwamba kelele nyingine zilikuwa za juu ya bati. Mama Perpetua ilimbidi apaze sauti ili amalizie hotuba. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza.

Mzee Mbaruku aliinua uso kuelekea paani, akasikiliza.

"Siku," alimwambia mkewe taratibu, "wamezima taa?"

"Ndiyo," Bi Sikudhani akajibu. Taa zilikuwa zikiwaka zote.

*

Afisa wa mradi mpya alifika Mabangoni mwezi uliofuata, kijana msomi mwenye adabu, jina lake Evaristi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Bi Sikudhani alimhesabia hilo kuwa jema. Alikuwa na ratiba ya ziara kumi na mbili. Katika kila ziara bibi angefundishwa kutamka, hatua kwa hatua, kwamba mumewe anaona, mpaka alitamke bila kulia. Mzee alikaa pembeni, uso umeelekea ukutani, kwa kuwa hakuwa na sababu tena ya kuuelekeza kwingine.

Bi Sikudhani alisikiliza yote. Kisha akauliza kama katika mradi huu pia mtu hushukuru kwanza.

"Ndiyo, bibi. Ni sheria."

"Basi baba, nishukuru zote kumi na mbili leo. Nani ajuaye kesho?"

Evaristi alitoa fomu kumi na mbili. Bibi aliweka kidole gumba mara kumi na mbili, akapigwa picha kumi na mbili akiwa amebadili khanga mara mbili na kukaa sehemu mbalimbali za uani. Alisema asante kwa subira yako, asante kwa hekima yako, asante kwa kunifungua macho. Alipoombwa kigelegele, alisema hicho kimoja kilitosha nchi nzima. Kijana alizifunga karatasi kwa faraja kubwa, akavaa viatu. Tangu siku hiyo hakuna gari la shirika lolote lililoonekana tena mlangoni pale, na kwenye ripoti ya mwaka Mabangoni ilisifiwa kwa mahudhurio kamili.

*

Chogo alikuja Ijumaa moja asubuhi, kwa baiskeli, amelowa. Siku hizi alikuwa akisukuma mkokoteni sokoni. Alitoa mfukoni chupa ya matone iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Alikuwa amechelewa, akasema, kwa kuwa ilimbidi akusanye kidogo kidogo.

Bi Sikudhani aliipokea kwa mikono miwili. Hakumwambia kwamba haina kazi tena. Aliiweka juu ya kabati, mahali pa vitu vya maana, akamwuliza kama mkewe hajambo, na kama bado hapiki vizuri. Chogo akacheka, akasema bado. Kisha aliyaona madumu mlangoni, akayachukua bila kuuliza.

Aliporudi, mzee aliyesikia nyayo zake alimwita akae karibu. Alimpapasa bega, akashuka kifuani, vidole vikasimama palipokosekana kifungo.

"Unatembea kifua wazi kwenye mvua, dereva?"

Alidai kifungo na sindano. Bi Sikudhani alikitoa kimoja kwenye kopo la zamani, na sindano ilikuwa ileile ya shirika, waliyoisahau. Mzee alilowesha tundu, akasokota uzi, akautunga, na safari hii hapakuwa na aliyepiga makofi. Alishona kifungo kwenye shati likiwa mwilini mwa mtu, akipima kwa kidole kila mshono asimchome. Alipomaliza alikata uzi kwa meno.

Ti, ti, ti. Bi Sikudhani aligonga kikombe cha mumewe, halafu, kwa kutojua afanyeje, akagonga na cha mgeni. Wakanywa.

Mvua ilipopungua Chogo alisimama kuaga. Mzee Mbaruku hakuuachia mkono wake.

"Uje tena, mwanangu," alisema. "Bado hatujakushukuru."